Bwana Dimanche na Masini ya Mama

Nilichekesha tribunal yote siku ile mama yangu alienda kutafuta haki yake. Njo bujinga yangu. Naiweka hapa mbele, musiseme niliificha chini ya meza!

Niko na miaka kumi na sita, nasoma kwa bamupe, bale mapadri ba misioni, hapa Élisabethville. Ku masomo bananijua juu ya kuiga bantu. Mupe anakohoa, mupolisi anapiga saluti... bote naweza. Nilizania kuchekesha hakuwezi kuumiza muntu.

Baba alikufa ku mine, kule banachimba shaba. Tukatoka mu camp ya bafanyakazi, tukaenda kuikala mu cité, ku mutaa banaita Kenya. Alituachia kintu moja tu ya maana: masini ya kushona. Mama alishona kaputula za batoto, nguo za Pasaka, hata nguo za bibi-arusi. Ile masini njo ilikuwa bukari yetu, ugali ya kila siku. Njo ilikuwa masomo yangu.

Kisha akafika Bwana Anselme. Muuzaji mu magazini moja kule mujini, kofia pembeni, viatu vinalia kwi-kwi. Alifika kila Dimanche, siku ya Mungu, kisha misa. Alimuambia mama atamuoa. Mali ya ndoa ataipeleka ku kijiji yetu Lukafu, kwa mujomba wangu, mvua ikiisha. Mvua ikaisha... ikarudia tena... na njia ya Lukafu aliisema tu kwa kinywa!

Hata miye alinikamata. Alinifundisha kupanda kinga yake, ile baiskeli. Alikimbia nyuma, ameshika kiti, anapiga kelele: "Kaza, mwana yangu, usiangalie chini!" Nikaanza kumuita baba. Na mu roho yangu ilikuwa kweli.

Lakini Lundi, kesho yake, haumuone. Mardi, kesho kutwa, pia. Barafiki banauliza: baba yako mupya iko wapi? Haya ikanishika, na juu ya kuikimbia nikamupa jina ya kuchekea: Bwana Dimanche. Niliiga vile anakula paja ya kuku, vile anafungua mukaba tundu moja kisha kushiba. Barafiki bakaanguka chini na kicheko. Nikaona haya imeisha.

Siku moja akamuambia mama amepata chumba karibu na soko. Bafungue atelier ya kushona, bote babili! Masini itangulie, mama atafuata. Mama akaipaka mafuta, akaifunika na kitenge yake muzuri kupita zote, akamusaidia kuifunga ku kinga. Ile ile kinga yangu ya kujifunzia...

Dimanche ile hakufika. Ingine pia hapana. Mama akaenda mwenyewe kuangalia ile atelier. Akakuta mwanamuke kijana ameikala ku masini, kitenge ya mama iko mu kiuno yake. Yule dada akamuuliza na heshima yote: "Mama, nikushonee nini?"

Munasikia? Nikushonee nini! Mama akarudia nyumbani, akalala na viatu.

Hakutaka kupigana. Akasema sheria iko. Akaenda ku tribunal, akashitaki, akangoja, akarudishwa, akaenda tena. Siku ikafika, Anselme naye akaitwa. Juge, mwenye kuamua maneno, muzee wa sauti ya pole, akaeleza vizuri. Mali haikutolewa, basi ndoa haionekane. Lakini kama huyu muntu alikuwa bwana ya nyumba, masini ni ya nyumba na itarudia. Kama alikuwa mugeni tu, masini ilikuwa zawadi, na zawadi hairudie. Akaniita.

"We mutoto, kwenu mulimuita huyu nani?"

Baba. Neno moja! Na haikuwa bubeshi, ilikuwa kweli. Mama ananiangalia, mikono imeshikana... Lakini ku dirisha nikaona barafiki yangu banatundika vichwa, banangoja. Ulimi ikaniwasha.

"Bwana Dimanche!" Na mukaba nikafungua, tundu moja.

Ee! Tribunal yote ikapasuka. Mama mumoja akalalamika kule nyuma: "Hata misa iko kila siku, mama!" Juge mwenyewe akafunika kinywa. Nikajisikia mukubwa... Mungu wangu, nilijisikia mukubwa!

Anselme hakucheka. Akasimama, kofia mu mukono. "Bwana Juge, mutoto ya nyumba amesema. Mugeni wa Dimanche."

Kicheko ikakatika. Nikalia kwa nguvu: nilimuita baba, baba, kweli baba! Juge akaniangalia na huruma. "Sasa njo unakumbuka?" Akaamua: zawadi.

Bamama munaosoma, nabaomba: masini yako isitoke mu nyumba kwa muntu ambaye ndugu zako habamujue. Na ninyi bacheshi benzangu... mbele ya kufungua kinywa, angalieni kwanza nani atalipa kile kicheko. Miye siku hizi bananiambia niige mupe, nashindwa.

Njiani mama alitangulia. Tulipita karibu na soko, tukasikia masini yetu inaimba mule ndani. Aliongeza mwendo. Nilingoja anipige, nilitaka anipige! Tulipofika ku mulango akasimama, hakuniangalia, akasema:

"Bwana Dimanche... Basi ulimuona vile iko, mbele ya miye kumuona. Ukaambia barafiki yako bote. Juu ya nini haukuniambia miye?"