Wawili Wasiohesabiwa

Mwaka wa 1957, Mwongeli alikuwa darasa la nne, naye ndiye aliyekuwa mdomo wa mama yake. Mama huyo, Katunge, alikuwa hodari wa kuanika mkonge katika shamba moja karibu na Thika, lakini Kiswahili kilimpiga chenga. Kila alipokwenda kliniki, bintiye alimfasiria.

"Muulize mama amezaa mara ngapi," alisema Nesi Idah.

Katunge alishika tumbo lake kubwa. "Mwambie mara moja. Marehemu hawahesabiwi. Ukiwahesabu, unamwita na huyu awafuate."

Ndivyo alivyofundishwa na nyanya yake. Mwongeli aliwakumbuka wadogo zake wale wawili, manjano hadi machoni, na hakuna aliyemaliza wiki. Lakini angempingaje mama yake mbele ya mgeni?

"Mara moja, Sista. Ni mimi tu."

Nesi akaandika.

Mtoto alizaliwa nyumbani Jumapili, wa kiume. Jumatatu akaanza kugeuka manjano, na majirani wakanong'ona kwamba Katunge ana mkosi. Jumanne Mwongeli hakuweza kuvumilia tena. Alikimbia hadi kliniki akaeleza yote huku analia.

Nesi Idah alikuja akachukua damu ya mama ikapimwe. Mtoto alikuwa hawezi hata kunyonya. Alhamisi wakamzika.

Wiki iliyofuata nesi alirudi. "Pole, mama. Huna mkosi. Damu ya kila mtu ina askari wanaopigana na maradhi. Mimba ikiingia, askari hao na kondo la nyuma huelewana, mtoto asidhuriwe. Wanaelewanaje, hata madaktari hawajui vizuri. Lakini damu yako si aina moja na ya watoto wako. Mwongeli alipozaliwa, damu yake kidogo iliingia kwako, askari wakaijua. Tangu hapo wanavuka kondo na kuipiga damu ya wadogo zake, nayo ikivunjika, mtoto hugeuka manjano."

Mwongeli alifasiri. Mama akamvuta karibu. "Si kosa lako kuzaliwa wa kwanza," akasema. "Muulize, na mwingine je?"

"Huenda naye akafa," nesi alijibu. "Nafasi yake ya kupona ni ndogo, tena mpaka azaliwe hospitali Nairobi, abadilishwe damu mapema. Hata huyu sina hakika tungemwokoa. Lakini kama ningejua, ningewatuma huko mapema. Mficha maradhi, kilio humfichua. Mwongeli, mheshimu mama yako, lakini mbele ya daktari usipunguze neno."

Mwongeli alimfasiria mama maneno hayo yote, hata yale yaliyomchoma yeye mwenyewe.