Besi Usiisikilize Peke Yake

Walikutana kwa kugongana, na aliyegonga ni gitaa. Jumamosi mchana, katika ujia wa maduka ya redio na spika ambako watu hupita ubavu ubavu, binti mmoja aligeuka kuulizia waya, na shingo ya gitaa la besi alilobeba mgongoni ikampiga kijana mmoja sikioni. Binti alivaa gauni la kijani na raba nyeupe zilizofuliwa hadi zikaomba kupumzishwa. Kijana alivaa shati lenye vitundu vya moto wa kulehemu, kama lililotafunwa na panya mwenye adabu.

"Pole kaka. Umeumia?"

"Sikio ndilo linalonilisha, dada," alisema akilisugua. "Mimi fundi sauti. Itabidi unilee."

Binti akacheka, na mwanamke akishacheka namna ile, waya hanunui tena, anataja namba yake ya simu.

Kwenye bendi yake, binti huyo walimwita Kimya. Si kwamba hakujua kusema. Ni kwamba alipiga pamoja na ndugu wawili wenye magitaa ya umeme yaliyotiwa mkwaruzo mwingi, ungedhani msumeno umekula msumari, na besi yake ikazama humo isionekane hata kisigino. Kaka Mkubwa, kiongozi wao, alikwisha kumwambia: onyesho la Jumapili ya mwisho wa mwezi, alasiri, watu wa nyuma wasipomsikia, nafasi yake itachukuliwa na kinanda. Tangu siku hiyo viganja vilimtoka jasho hadi nyuzi zikateleza. Na alikuwa amemwahidi mama yake, mwenye sikio moja tu linalofanya kazi, kwamba safari hii atamsikia.

Fundi alimpigia simu kila mchana.

"Umekula, mpenzi?"

"Sijala. Naogopa."

"Kula. Hata kuogopa kunataka nguvu."

Bendi ikamchukua Fundi aongoze sauti. Akamtengenezea Kimya kisanduku cha kukanyaga kwa mguu, kinachoitia besi mkwaruzo kidogo na kuipandisha sauti ya kati, ile isiyo nene wala nyembamba. Asubuhi ya Jumapili ya onyesho walijaribu mitambo, Fundi akarekodi. Kisha Kimya akamwona akinong'ona na Kaka Mkubwa pembeni.

Wenzake walipotoka kula, alijipenyeza kwenye meza ya Fundi, akavaa vipokea sauti, akaicheza ile rekodi, akafunga sauti za vyombo vyote isipokuwa besi yake. Ule unene wake mtamu haukuwepo. Kilichobaki kilikoroma kama kiti kinachoburutwa kwenye saruji. Akampigia Fundi simu.

"Wewe na wale ndugu mlipanga lini?"

"Kupanga nini, mpenzi?"

"Kunizika."

Akakata. Simu ikaita mara tatu, hakuipokea. Akachomoa kisanduku na kukiacha juu ya meza ya Fundi, kama mtu anayerudisha pete ambayo hajapewa.

Alasiri, wimbo wa kwanza wa onyesho ulipoanza, Kimya alipotea. Alipiga hadi ncha za vidole zikawaka, na hata yeye hakujisikia. Kule safu ya mwisho aliona kitambaa cha njano cha mama yake, na kiganja cha mama kimekingwa nyuma ya sikio zima, na kichwa kikitikisika: hapana, mwanangu, sisikii. Kaka Mkubwa alimgeukia, akatabasamu kwa huruma. Tabasamu lile lilimtisha kuliko tusi.

Fundi sauti haachi meza yake onyesho likiendelea, kama vile mpishi haachi mafuta motoni. Huyu aliacha. Wimbo ulipokwisha alipanda jukwaani mbele ya ukumbi mzima, akapiga magoti miguuni pa Kimya, akaanza kuchomeka kisanduku.

"Uliisikiliza peke yake," alisema, jasho likimdondoka puani. "Peke yake ni mbaya, najua. Sikuitengeneza ikae peke yake. Magitaa yao nimeyapunguza ule uzito wa chini, ndiyo nafasi yako hiyo. Asubuhi nilikuwa nambembeleza Kaka Mkubwa akubali."

"Na nisiposikika?"

"Utaniacha. Unadhani mimi siogopi?" Alikaza waya, hakuinuka. "Na mimi peke yangu nakoroma tu. Nikuoe?"

"Inuka, watu wanatutazama."

"Nijibu kwanza."

"Rudi mezani. Mama akinisikia, nitakujibu."

Akarudi mbio. Kimya alikanyaga kisanduku, akakikosa mara ya kwanza, akakipata ya pili. Magitaa yakaunguruma. Halafu, katikati ya ule msumeno, kitu kikatembea kwa hatua zake, kizito, wazi, kila noti na kisigino chake. Viti vikatetema. Kaka Mkubwa aligeuka tena, safari hii bila huruma yoyote. Kimya hakumtazama. Alitazama nyuma.

Mama alishusha mkono kutoka sikioni. Akaanza kupiga goti lake polepole kwa mdundo wa besi, na hakukosea hata mara moja.

Wimbo ulipokwisha Kimya aliisogelea maikrofoni. Sauti yenyewe ilitoka nyembamba.

"Fundi. Ndiyo."

Ukumbi ukavuma. Kule nyuma mama alimgusa jirani yake.

"Kasema nini?"

Besi aliisikia, ile 'ndiyo' ikampita. Ikabidi Fundi amfuate mwenyewe, akaombe posa upya upande wa sikio zima.