Jani Moja Kila Mgomba

Asubuhi za kijiji cha Titye ni za baridi. Odilia aliinjika uji, kisha akamwita mume wake, Isack.

"Amka. Leo tunafukia ndizi. Baba ameshaingia shambani."

Baba ni Mzee Laurent, baba yake Isack. Shamba lao la migomba lilipandwa na baba yake Laurent. Ndizi zake si za kupika. Ni za kutengeneza urwarwa, pombe ya ndizi. Watu walitoka Makere kuja kuinywa. Bati la nyumba, sare za watoto, vyote vilitoka kwenye pombe hiyo.

Kabla ya kukamuliwa, ndizi hufukiwa shimoni ili ziive. Shimo hutandikwa majani ya mgomba. Hapo Mzee Laurent alikuwa na desturi aliyoachiwa na baba yake. Kila mara alishika kisu, akapita shamba zima, kuanzia juu nyumbani mpaka chini bondeni. Kila mgomba aliukata jani moja. Hakuruka hata mmoja.

"Kila mmoja uwe na mkono wake kwenye pombe," alizoea kusema. "Ukiuruka, unanuna."

"Migomba inanuna, baba?" Odilia alimuuliza wakati mmoja, akicheka.

"Kwani wewe hukununa nilipousifu ugali wa jirani?"

Lakini siku hiyo mzee alirudi na mzigo wa majani bila kutania. Alikaa chini.

"Kule bondeni migomba imenyauka," alisema. "Jua gani linanyausha mgomba wakati wa mvua?"

Waliiwekea samadi. Haikusaidia. Wakafukia ndizi tena, na mzee akapita tena na kisu chake. Migomba mingine ikanyauka. Majani yakawa ya njano, yakaning'inia kama nguo zilizolowa. Ndizi zikaiva kabla ya kukomaa. Isack alijaribu kuzikamua. Hazikutoa maji.

Mzee Laurent aliacha kula. "Shamba linakufa mikononi mwangu," alisema. "Kwa baba yangu halikufa."

"Tumerogwa," Isack alisema. "Anania hajawahi kutupenda."

Anania ni jirani yao. Shamba lake limepakana na lao.

"Ulimwona akiroga?" Odilia aliuliza.

"Mchawi anaonekana?"

Odilia hakubishana naye. Alimpigia simu bibi shamba wa kata. Jina lake Kuruthumu, mtu wa Tanga. Alifika kwa pikipiki, na matope mpaka magotini.

"Mwakeye, mzee," alisalimia. Salamu ya Kiha aliijua, ila aliitamka kipwani.

"Mwakeye, mwanangu. Umekuja kwenye msiba."

Kuruthumu alikwenda nao bondeni. Alipasua ndizi changa. Ndani ilikuwa na madoa ya kahawia, kama kutu. Akakata shina la mgomba, akawaambia wasubiri. Punde shina likatoa usaha wa njano.

"Huu ni mnyauko wa migomba," alisema. "Ni ugonjwa. Hakuna aliyewaroga."

"Dawa yake ipi?" Isack aliuliza.

"Mgomba ukishaugua, hauna dawa. Tunachoweza ni kuuzuia usiende kwa mwingine."

"Unaendaje? Mgomba hauna miguu."

"Wadudu wanaubeba, wakitua kwenye ua lile jekundu chini ya mkungu. Machipukizi ya mgomba mgonjwa yanaubeba. Na kisu. Ukikata mgomba mgonjwa, halafu ukakata mzima kwa kisu hicho hicho, umeuambukiza."

Mzee Laurent alitazama mkono wake.

"Nimekata kila mgomba," alisema polepole. "Kila mmoja."

"Hukujua, baba," Odilia alisema.

"Sikujua. Na imekufa."

Kuruthumu alichuchumaa mbele yake. "Mzee, ulikuwa unaanzia wapi kukata?"

"Juu. Nyumbani."

"Ndiyo maana juu bado kuzima. Kisu kilifika huko kabla ya kugusa ugonjwa, na kikikaa mpaka ufukiaji mwingine, vijidudu vyake hufa. Pale tunaweza kupaokoa. Huku chini kote kung'olewe, na mizizi yake. Mpande mahindi na maharage. Msirudishe mgomba hapa kabla ya miezi sita kupita, na mkirudisha, mpande miche safi."

"Huku chini ndiko baba yangu alikoanzia kupanda. Nikikataa?"

"Ugonjwa utapanda mpaka mlangoni kwako. Na kwa Anania utavuka."

Mzee aliingia ndani, akafunga mlango. Odilia alimsikia akilia. Hakuwahi kumsikia akilia, hata mkewe alipofariki.

Kesho yake mzee alitoka na panga.

"Msiite vibarua," alisema. "Nitaanza mimi."

Aliangusha mgomba mmoja. Kwenye wa pili mkono ulikataa. Alimpa Isack panga, akakaa kwenye matope.

Anania alisikia migomba ikianguka. Akaja na jembe. Isack aliinamisha kichwa.

"Nimesikia unasema mimi mchawi," Anania alisema. "Ningejua kuroga, ningewaroga nyani wanaomaliza mahindi yangu. Nisogezee hilo shina."

Walifanya kazi mpaka bonde likabaki jekundu, udongo mtupu.

Sehemu ya juu walifuata maelezo ya Kuruthumu. Kisu walikichoma motoni kila walipotoka mgomba mmoja kwenda mwingine. Mgomba ulioonyesha dalili waliukata usawa wa udongo. Mbuzi walifungwa, wasitafune mgomba mgonjwa kisha mzima. Majani ya shimo waliyatoa kwenye mgomba mzima uliokwisha kuvunwa, si penginepo. Mkungu ulipomaliza kutoa vichane, Odilia alilivunja ua lake kwa kijiti kirefu chenye panda, bila kisu, ili wadudu wasitue.

Msimu ukapita. Juu migomba ilibaki ya kijani. Kwa Anania ugonjwa haukuvuka. Pombe ilipatikana, ila kidogo. Watu wa Makere walikuja, wengine wakarudi bila kunywa. Mzee Laurent hakuingia shambani. Wakimwita, alisema, "Mkono wangu si wa kugusa mgomba."

Asubuhi moja Odilia alisikia kitu kikidondoka nyuma ya nyumba. Alikwenda kutazama. Mzee Laurent alisimama chini ya mgomba mrefu, ameinua kijiti cha panda kwa mikono miwili. Ua jekundu lilikuwa chini, miguuni kwake.

"Baba! Umeingia shambani?"

"Hili hukulifikia," mzee alisema. "Wewe mfupi."

Odilia alitaka kucheka, akashindwa. Mzee alisogea kwenye mgomba uliofuata, akainua kijiti tena. Kule bondeni, kwenye mahindi, hakutazama.