Mgeni wa Dirisha Jeusi

Tena? Mnakula ndizi zangu za makemba, mnamaliza chai yangu, halafu mnataka na habari ya Yunus juu yake. Kila siku "Koko, tueleze ile ya mashine, Koko, tueleze." Mimi niliacha shule mapema kwa sababu mwalimu alitaka nimchotee mke wake maji, na leo ndiyo nageuka mwalimu wenu wa mashine! Haya. Nitaeleza mara moja. Atakayecheka ataosha sufuria zote.

Ilianza na kitu kidogo ambacho hata mbuzi asingekijali. Asubuhi moja, katika duka la Yunus la kuandikia watu barua na kutoa kopi, pale komini ya Tshopo, hapa Kisangani, dirisha jeusi la mashine ya kompyuta lilifunguka likiwa na maneno ndani yake tayari, na hakuna mtu aliyekuwa ameandika. Maneno yenyewe yalikuwa haya: Ahsante. Nimeingia.

Yunus alidhani Rosine anamtania. Rosine ni mjukuu wangu, damu ya kwetu Yanonge, alikuwa akifanya kazi pale. Hasemi mengi; hilo hakulirithi kwangu.

"Rosine, ni weye uliandika hii?"

"Hapana, patron. Ndiyo sasa naingia."

Yunus akalifunga dirisha, na habari ikaishia hapo. Yeye alifikiri imeishia.

Sasa msikilize vizuri, maana bila hapa hamtaelewa mbele. Yunus alikuwa mkwe wa Muzee Alfani, na nyumba ilikuwa ya Muzee Alfani, ile ya matofali ya zamani, tangu babu zake walipokuwa wafanyabiashara. Mbele duka, nyuma wanakaa wao: muzee, binti yake Nadia, Yunus, na mtoto wao mchanga anayeitwa Asha. Mashine za dukani zilikuwa kuukuu. Ukiziwekea mapambo zinakwama kama pirogi ya mvuvi kwenye mchanga. Kwa hiyo Yunus aliondoa yote, akaacha dirisha moja jepesi, jeusi tupu, unaandika amri kwa herufi na mashine inafanya. Wenyewe wanaliita terminali.

Rosine alinieleza nikimenya mihogo, nikaelewa, basi na nyinyi mtaelewa. Dirisha lile unaliwekea masharti kwa njia mbili. Ya kwanza ni mlangoni: unapoandika jina lake ili lifunguke, unaongeza kistari na neno, kistari na neno. Rangi ya chini iwe nyeusi, herufi ziwe za kijani na kubwa, upana uwe huu, na juu kwenye paji lake la uso, ule ukanda wa jina, paandikwe hivi. Linatii. Ukilifunga limesahau yote, kama mume mlevi. Ya pili, unaandika masharti yaleyale katika faili moja lililojificha, jina lake linaanza na nukta. Lile halisahau. Kila dirisha, kabla halijatokea, linapita humo kwanza kusoma. Na mawili yakigombana, neno la mlangoni linashinda la faili, lakini kwa mara ileile tu.

Duka lilipofunguliwa, Yunus alipaka KARIBU kwa rangi juu ya mlango. Muzee Alfani akatoka na fimbo yake.

"Futa ile."

"Papa, ni juu ya kuita batu ya kununua."

"Kwa nyumba hii hatuandikake karibu. Mutu anapiga hodi, unasikia sauti yake, unajua ni nani, ndipo unamujibu. Karibu ya kuandika inajibu nani? Inajibu kila kitu yenye kupita. Na yenye haina miguu."

Yunus akafuta. Kisha akaingia ndani huku akicheka kimoyomoyo, akafungua lile faili la nukta, na penye mstari wa paji la uso akaandika: Karibu, ingia, hapa ni kwako. Alijua muzee hasomi mashine. Na tangu siku hiyo kila dirisha lililofunguka lilikaribisha. Asubuhi duka tupu, viti vitupu, mlango bado una komeo, na dirisha linasema karibu, ingia, hapa ni kwako. Linamwambia nani?

Basi baada ya ile asubuhi ya kwanza ikaja harufu. Udi, lakini udi uliolowa maji ya mto, na chini yake kama nywele za mnyama. Wateja waliingia wakaziba pua wakatoka. Kiti cha pembeni, kile ambacho hakuna mtu anakipenda kwa sababu mguu wake ni mfupi, kikaanza kulia kama mtu mzito anayejigeuza. Yunus akaweka kipande cha mbao chini ya mguu. Kiti kikaendelea kulia.

Siku moja mchana mvua ilinyesha kubwa, Rosine ameenda kununua karatasi, Yunus yuko peke yake. Akafungua dirisha jipya. Dirisha jipya halina mistari ya zamani juu yake, mnaelewa, ni kama kikombe kilichooshwa. Ukilivuta kwenda juu linakataa, halina pa kwenda. Yeye alilivuta bila kufikiri, kidole tu kinacheza, na likakubali, likapanda, likapanda tena, na mistari ikaanza kushuka kutoka juu, michache kwanza, kisha mingi, yote kwa Kiswahili cha zamani, kile safi cha pwani ambacho hapa Kisangani hakuna anayekisema, na kila alivyotaka kuondoa kidole ndivyo kidole kilivyozidi kuvuta, na kiti cha pembeni kikanyamaza kama mtu aliyegundua kwamba sasa anasomwa, na Yunus akasoma, nimekaa, akasoma, nimengoja maji ya kunywa, akasoma, mwenyeji haniletei maji, na mvua inapiga mabati hata hasikii pumzi yake mwenyewe, na harufu ile imemkaribia sikioni, na mstari wa mwisho ukashuka polepole kuliko mingine: Nimekunywa ya mtoto.

Nyuma ya nyumba Nadia akapiga kelele.

Asha alikuwa titini, ananyonya kwa nguvu, na midomo yake imekauka na kupasuka. Walimkimbiza hospitali. Daktari akamwekea maji ya mshipa, chupa ikaisha yote, na ulimi wa mtoto ukabaki kama ngozi ya ngoma. Wakabadilisha chupa. Ikaisha. Daktari akashika kichwa chake mwenyewe. Muzee Alfani akamchukua mjukuu wake, akamrudisha nyumbani, akamwita Mwalimu Hamadi, mtu wa kusomea wagonjwa, mfupi, mkali, asiyependa maneno mengi. Mwalimu akasoma adhuhuri mpaka alasiri. Harufu ikatoka, mtoto akanywa, akakojoa, wote wakalia kwa furaha. Asubuhi Yunus akafungua duka, na mtoto akakauka tena.

Ikawa hivyo kila siku. Jioni anatolewa, asubuhi yuko ndani. Asha akawa mdogo, macho tu.

Hapo ndipo macho ya watu yakamwangukia Rosine. Maana Yunus alishawaeleza ile mistari, na mashine aliyotumia Rosine haikuwahi kuandika kitu. Akifungua dirisha yeye, ni safi, halina harufu, halina mistari.

"Kwa nini inamwogopa yeye peke yake?" Nadia aliuliza kwa sauti ya chini, mtoto mapajani. "Yunus. Weye unajua mashine. Sema."

Na Yunus alijua. Rosine alikuwa na mazoea yake: kila akifungua dirisha anaandika masharti yake mwenyewe mlangoni, herufi kubwa kwa sababu ya macho yake mabovu, na juu ya paji la uso anaandika Kazi. Neno la mlangoni linashinda la faili. Dirisha la Rosine halikumkaribisha mtu. Ni hivyo tu, hakuna zaidi. Yunus alikuwa anajua kama anavyojua jina lake. Akatazama ukuta, akasema:

"Mi sijui. Labda ile kitu iko yake."

Mtoto wa watu! Walimtupia kandambili zake kwenye matope. Vijana wa barabara wakamfuata wakiita ndoki, ndoki, mchawi, mula batoto. Mmoja akamrushia jiwe, hili kovu lake la nyusi mnaliona mpaka leo. Alifika kwangu damu inamwingia jichoni, na alichosema ni, "Koko, Asha atakufa."

Mimi sikulia. Nilimfunga kitambaa, nikavaa pagne yangu ya kanisa, kile kitenge cha kugombania, nikangoja jioni ipite, nikamlaza, na asubuhi nikamshika mkono tukaenda.

Tuliwakuta wote chumba cha nyuma. Mwalimu Hamadi alikuwa ameshika kikombe cha maji, amechoka, ndevu zimemlala. Nadia alipomuona Rosine akamfunika mtoto kwa khanga.

"Mumutoe huyu!"

"Ngoja, mama," nikasema. "Mwalimu, jana jioni ulikitoa?"

"Nilikitoa."

"Na leo?"

"Iko ndani. Angalia mutoto."

"Rosine alilala ubavuni mwangu, anakoroma kama motopompi ya maji. Hajagusa mashine yenu tangu jana. Alors, basi, leo asubuhi ni nani amefungua dirisha?"

Mwalimu akageuza shingo taratibu, akamtazama Yunus. Muzee Alfani naye akamtazama. Tukasikia pumzi ya mtoto, kama karatasi inayokwaruzwa, na kila moja ilikuwa mbali zaidi na ile ya nyuma. Yunus akaanguka magoti.

"Ni mimi. Papa, niliandika. Ndani ya faili. Nilijua Rosine hana kosa."

Nadia hakupiga kelele. Alisema tu, polepole, "Ukanyamaza. Mutoto anakauka, na weye unanyamaza."

Tukaenda naye dukani, wote. Yunus akafungua faili la nukta, akafuta mstari. Akaiambia mashine ilisome faili upya, maana bila hivyo inaendelea kukumbuka ya zamani. Akafungua dirisha. Juu yake: Karibu, ingia, hapa ni kwako. Akarudi kwenye faili, mstari haumo. Akafungua tena, upo. Jasho linamtiririka mpaka kwenye vitufe, harufu imejaa hata Muzee Alfani ameziba mdomo kwa kanzu, na Yunus akaandika kama Rosine, masharti ya mlangoni, kistari, na paji la uso akaliacha tupu. Dirisha likaja. Paji tupu. Tukapumua. Kisha herufi zikaanza kutokea ndani ya ule weusi, moja, moja, bila mkono, na kiti cha pembeni kikalia, na tukasoma, hata mimi nisiyesoma vizuri nikasoma:

Neno la mlangoni halinihusu. Mimi sipo mlangoni tena.

Rosine akanikamata kiuno. Mwalimu Hamadi akaweka kikombe chini.

"Nimekosea tangu mwanzo," akasema kwa sauti ya kunong'ona. "Nilimufukuza kama mwizi. Huyu si mwizi. Amekaribishwa, ameambiwa hapa ni kwake. Mugeni hafukuzwi. Mugeni anasindikizwa."

"Na nani?" Muzee Alfani akauliza, ingawa alijua.

"Na mwenye kumukaribisha. Yunus, simama. Umwambie: mugeni wangu, twende nikusindikize. Utembee naye polepole, usimutangulie. Usigeuke nyuma. Ni yeye atakuambia, inatosha, rudi."

"Na kama hasemi?"

Mwalimu aliokota kandambili za Yunus, akazigeuza zitazame barabarani.

Yunus alitaka kumbusu mtoto. Nadia akamgeuzia mgongo, si kwa ubaya, alikuwa analia na hakutaka aone. Basi Yunus akasema yale maneno, sauti inakatika, na kiti cha pembeni kikalia mara moja kama mtu anayeinuka kwa kujisukuma magoti. Pazia la mlango likajinyanyua, likakaa juu muda wa mtu mkubwa kupita, likaanguka. Yunus akatoka. Tulimuona anashika barabara ya kwenda daraja la Tshopo, anatembea ukingoni, ameacha nafasi upande wa kivuli, kama mtu anayeheshimu mkubwa wake. Hakugeuka. Nyuma yetu Asha akalia, machozi ya kweli, yenye maji, na Nadia akampa titi, akanywa mpaka akalala.

Tulimngoja Yunus jioni. Tulimngoja kesho yake.

Wanawake wanaoleta mchele kutoka Bengamisa ndio walioleta habari. Wamemuona njiani, amekonda, kandambili zimekatika, anazungumza na hewa kwa adabu. "Ndiyo, mzee. Bado? Haya, twende." Walimpa ndizi, akaimenya, akaielekeza kwanza pembeni, kama anayempa mtu, kisha ndiyo akala.

Asha alipoanza kusimama, Nadia alipanda pikipiki naye, akaenda kumtafuta. Alimpata mbele ya Bengamisa, njia ya Banalia. Rosine alikuwa naye; ndiyo, walipatana, Nadia alikuja kwangu akapiga magoti uani na mimi nikamwacha apige kidogo kabla ya kumwinua. Mtoto akampungia babake mkono. Kisha akapunga tena, kando kidogo, juu zaidi, pale ambapo hapakuwa na mtu.

"Yunus," Nadia akasema, "mutoto amepona. Rudi nyumbani."

Yunus akanyoosha mkono amguse Asha shavuni, na akaurudisha haraka, kama aliyekemewa.

"Hajasema inatosha," akasema. Akasogea ukingoni ili yule mwingine apite kwanza, akamfuata.