Zawadi ya Biasha na Zawadi ya Makungu

Makungu alikuwa fundi seremala. Karakana yake ilikuwa Miembeni, huko Ng'ambo ya mji wa Unguja. Mkewe, Biasha, alikuwa mpiga taipu katika ofisi moja mjini. Jioni, kazi zikisha, walichukua raketi zao wakaenda kucheza tenisi karibu na Mnazi Mmoja.

Zamani kiwanja kile kilikuwa cha wakubwa. Watu wa Ng'ambo walikitazama kwa nje ya ua tu. Baada ya mapinduzi kikawa cha kila mtu. Makungu alijifunza kwanza, kisha akamfundisha mkewe. Alidhani Biasha atachoka baada ya wiki mbili. Biasha hakuchoka. Alivaa gauni refu, suruali ndani yake, na kitambaa kichwani, akakimbia. Majirani walisema, mpaka wakachoka kusema. Baada ya miaka mitatu aliweza kuupeleka mpira popote alipotaka.

Mwaka 1971 kamati ya kiwanja iliandaa mashindano. Kila mchezaji alilipa kiingilio cha shilingi tano. Wanaume ishirini walijiandikisha, na wanawake wanne.

Siku ya fainali Biasha aliitwa saa nane mchana. Jua lilikuwa la utosi. Saruji ya kiwanja iliunguza mpaka ndani ya viatu. Watazamaji walikuwa kama kumi hivi. Biasha alicheza seti tatu, yaani mapande matatu ya mchezo. La kwanza alishindwa. Mawili yaliyofuata alishinda.

Saa kumi na nusu, jua limepoa, watu walijaa mpaka juu ya ukuta. Ikawa zamu ya Makungu. Naye alishinda. Watu wakambeba juu.

Mwenyekiti wa kamati, Bwana Msabah, aliwapa bahasha zao mbele ya watu. Walipofika nyumbani wakazifungua. Ya Makungu ilikuwa na shilingi mia na khamsini. Ya Biasha ilikuwa na khamsini.

Makungu akacheka kwa furaha. "Mia mbili ndani ya nyumba moja! Leo Mungu katufungulia."

Biasha hakucheka. Aliigeuza bahasha yake, kama mtu anayetafuta kitu kilichobaki ndani.

"Makungu, kiingilio changu kilikuwa ngapi?"

"Tano."

"Na chako?"

"Tano. Lakini mke wangu, wanaume tunacheza mpaka seti tano. Na watu wanakuja kututazama sisi. Usione vibaya."

"Sioni vibaya. Nnaona khamsini."

Akainuka, akaenda jikoni. Kesho yake Makungu alimwita waende kiwanjani. Biasha alisema ana nguo za kufua. Siku ya pili alisema kichwa kinamuuma. Wiki ikapita, kisha mwezi. Makungu alikwenda peke yake, na mchezo haukuwa na ladha. Nyumbani hawakugombana. Biasha alipika, alimwambia karibu chakula, lakini yale maneno mengi aliyokuwa akirudi nayo kutoka kiwanjani yalikwisha. Makungu alitamani amgombeze kuliko kunyamaza vile.

Siku moja Bi Tabia alibisha hodi karakanani. Alikuwa jirani yao, mwalimu wa kisomo cha watu wazima. Alitaka ubao wa kuandikia.

"Shikamoo, Bi Tabia."

"Marahaba, mwanangu. Biasha hajambo? Simwoni tena na raketi."

Makungu akaweka randa chini, akamweleza habari yote. Alipokwisha akasema, "Sasa mimi kosa langu liko wapi? Seti tano si sawa na seti tatu."

"Fainali yako ulicheza seti ngapi?"

Makungu akakumbuka. "Tatu. Nilimshinda zote tatu."

"Basi wamekukata pesa, kwa kuwa hukufika tano?"

"Hawakunikata."

"Kumbe hawalipi kwa kuhesabu seti. Wanamlipa aliyeshinda." Bi Tabia akavuta kigoda akakaa. "Niambie jengine."

"Biasha hanishindi mimi. Hilo kila mtu analijua."

"Hakupangiwa kucheza na wewe. Wewe umewashinda wanaume wote. Yeye kawashinda wanawake wote. Kila mmoja kamaliza kazi aliyopewa. Haya, akija fundi mwanamke hapa na kiti kizuri, madhubuti, utakinunua kwa thuluthi ya bei kwa sababu mkono uliokichonga ni wa mwanamke?"

"Hapana. Kiti ni kiti." Makungu alijikuna kichwa. "Lakini watazamaji, Bi Tabia? Wanaume ndio wanaojaza kiwanja. Hilo ni kweli."

"Ni kweli," akasema Bi Tabia. "Wala silikatai. Lakini Biasha alicheza saa ngapi?"

"Saa nane."

"Nani anatoka nyumbani kwake saa nane, na jua lile, kwenda kutazama mpira? Wao ndio waliompa saa mbaya. Kisha wakamwambia, huna watazamaji."

Makungu alikumbuka kwamba yeye mwenyewe, mume wake, alifika fainali ile imeshafika nusu. Alikuwa amelala, akijipumzisha kwa mchezo wake.

Jioni ile alimwambia mkewe, "Biasha, nimekosa. Nilikufundisha kucheza, haki yako sikuitetea. Nitakwenda kwa Bwana Msabah nikakusemee."

Biasha akatikisa kichwa. "Usinisemee. Mdomo nnao. Twende sote."

Wakaenda kwenye mkutano wa kamati. Wanaume kama kumi na tano walikuwepo. Biasha alisimama.

"Nnaomba mambo mawili," akasema. "Mshindi mwanamke apate sawa na mshindi mwanamume. Na fainali yetu ichezwe jioni, watu watuone. Tukicheza jioni na watu wasije, hapo mtakuwa na la kuniambia."

Bwana Msabah hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na daftari lake na hesabu zake. "Bi Biasha, maneno yako nimeyasikia. Lakini mfuko una shilingi mia mbili za zawadi. Nikikuongeza wewe, mia nyengine nitaitoa wapi?"

Makungu alijua kwamba bingwa ni yeye, na mwakani huenda akawa yeye tena. Shilingi khamsini zilikuwa mbao za mlango mzima. Akasimama.

"Usiongeze kitu, bwana. Gawa mia kwa mia. Mimi ndiye ninayepunguziwa, na mimi nimekubali."

Mmoja nyuma akanung'unika, "Kaamrishwa na mkewe huyo!"

"Sikuamrishwa," Makungu akamjibu. "Nimefahamishwa. Nawe kaa nikufahamishe."

Wakacheka. Wakabishana mpaka karibu na magharibi. Mwisho wakakubaliana: wajaribu mwaka mmoja.

Tangazo la mwaka 1972 lilibandikwa likiwa na zawadi mbili zilizo sawa. Bi Tabia aliwasomesha wanafunzi wake kwa tangazo lile lile, neno kwa neno. Safari hii wanawake kumi na sita walijiandikisha. Wauguzi walikuja, walimu wa skuli, na mama mmoja kutoka Chukwani mwenye watoto watano. Viingilio vikaongezeka, na mfuko ukanenepa. Bwana Msabah alipanga zawadi ya shilingi mia na ishirini kwa kila bingwa.

Makungu alitolewa mapema, mguu ukimuuma. Biasha alifika fainali, akakutana na Mwatima, muuguzi wa miaka ishirini anayepiga kwa mkono wa kushoto. Walicheza saa kumi na nusu. Ukuta ulijaa watu. Makungu alikuwa amekaa mstari wa mbele tangu saa tisa.

Mchezo ulikuwa mkali. Wanaume waliokuja kwa mzaha waliacha mzaha. Katika seti ya tatu Biasha alipiga mpira nje kidogo tu, upana wa vidole viwili. Mwatima akashinda. Akapokea shilingi mia na ishirini, sawasawa na bingwa wa wanaume. Biasha alimpigia makofi mpaka viganja vikawasha.

Wakarudi nyumbani mikono mitupu, wote wawili.

"Inakuuma?" Makungu akamuuliza.

"Kwa nini isiniume? Nimeshindwa!" Biasha akapangusa jasho kwa ncha ya kitambaa. "Lakini nimeshindwa na Mwatima. Mwatima nnamuweza. Yule akipigiwa kulia kwake hubabaika, nimemuona. Kesho nipigie mipira ya kulia, Makungu, mia moja, wala usinionee huruma."

Akaanza kumsimulia mchezo wote tangu mpira wa kwanza, na njia yote mpaka Miembeni hakunyamaza.