Nishakaribia

Mkoba haukukauka. Mambo yalianzia hapo, na wanaosema ni uongo waende wakalale kwenye kile chumba cha mtaa wa Doornfontein. Kiko wazi, hakuna anayekitaka.

Chiku alirudi kutoka Italia na mkoba wa mgongoni mkubwa kama mtoto wa darasa la pili, nao umelowa chapachapa. Akauanika roshani, kwenye lile jua la Johannesburg linalopasua midomo, ukashinda huko wiki nzima. Kila akiuminya, ulitoa maji. Maji ya baridi, yananuka jiwe la zamani na mshumaa uliozimwa sasa hivi.

"Umeuchovya mtaroni huu," kaka yake akamwambia. "Au wazungu wameutapikia."

Kaka mwenyewe ndiye Adamu, fundi cherehani, mtu wa Tanga, ana mkono mwepesi na mdomo mwepesi zaidi. Safari ile ilimkaa kooni tangu mwanzo. Dada yake, msusi, anafunga mkoba na kwenda peke yake Roma, Firenze, Siena, Napoli, kuangalia makanisa yaliyojengwa na watu waliokwisha kuwa vumbi! Analala hosteli, chumba kimoja na watu asiowajua, vitanda vya ghorofa kama jela! Halafu anarudi anachekacheka, simu imejaa picha za marafiki: Mbrazili huyu, Mkorea yule, msichana wa Australia mwenye nywele za kijani.

"Wote nimewakaribisha Joburg," Chiku akasema.

"Wote? Walale wapi, mgongoni kwako?"

"Adabu tu, kaka. Mtu ukiagana naye unamwambia karibu kwetu. Hawaji."

"Hiyo adabu yako itakuja kutuua."

Aliyasema hayo huku anatafuna mkate, hana habari.

Kisha zikaja karatasi. Asubuhi moja Adamu alifungua friji akakuta kipande cheupe kimebandikwa kwenye maziwa yake. Kidogo, kimelowa, hakina hata herufi. Akakikwangua kwa kucha. Hakikutoka.

"Chiku! Njoo utoe uchafu wako!"

Chiku alipokiona, kicheko kilimpotea usoni. "Hosteli ndivyo tulivyokuwa tunafanya," akasema polepole. "Jiko moja, watu wengi. Ukiweka chakula kwenye friji unakibandika karatasi ya jina lako, mwingine asikiguse."

"Hii haina jina."

"Naona."

"Sasa ya nani?"

Adamu akayanywa yale maziwa yote, kwa makusudi kabisa, huku ameikodolea macho ile karatasi, maana hajazaliwa wa kumpangia Adamu kitu cha kunywa. Kabla ya saa sita alikuwa ameinama kwenye karo la karakana yake ya kushonea anatapika. Hakutapika maziwa. Yalitoka maji safi ya baridi, na ndani yake vipande vya nta.

Karatasi ikahamia kwenye mkate. Ikahamia kwenye sufuria ya wali, na wali ukawa unapungua wakati hakuna mtu ndani. Ikahamia kwenye kiti cha dirishani, na tangu siku hiyo kila aliyekikalia aliinuka na suruali imelowa. Adamu alipiga kelele, alipiga milango, alimtukana fundi bomba, alimtukana mwenye jengo. Nyumba ilizidi kunuka mshumaa.

Aliyemfungua macho ni jirani yao Clémentine, mama wa Lubumbashi, aliyekuwa na kiti chake saluni moja na Chiku. Alimkamata ngazini, akamvuta shati.

"Adamu, dada yako iko na mugeni?"

"Mgeni gani? Hatuna mgeni."

"Eish, papa, usinidanganye. Nasikia banasema-sema mu chumba, batu babili. Uyo mugeni anasema Kiswahili ya kwenu kabisa, ile ya bibi wa zamani." Akashusha sauti. "Lakini sauti inatokea chini. Chini ya kitanda."

Adamu alipanda ngazi mbilimbili. Alimkuta Chiku amejikunyata kitandani, midomo ya bluu kama mtu aliyeogeshwa maji ya barafu.

"Sema," akamwambia. "Umeleta nini hapa?"

Chiku akasema kwa mnong'ono, macho sakafuni. Ilikuwa Siena, mvua inanyesha, hosteli imebaki tupu. Jengo lenyewe lilikuwa la watawa hapo kale. Amepika makaroni na samaki wa kopo, amekaa kitanda cha juu na sahani yake, akaona kitanda cha chini kuna mwanamke amelala, amegeukia ukutani.

"Nikamwambia karibu chakula. Ulimi uliteleza tu, kaka, ndivyo tulivyolelewa. Nitakulaje na mtu yupo pale?"

"Kwa Kiswahili?"

"Kwa Kiswahili. Akanijibu, nishakaribia."

Adamu akahisi nywele za mikono zinasimama. Kwao Tanga, mtu akikaribishwa chakula husema nishakaribia, akapita zake. Hiyo maana yake asante, endelea, nimeshiba heshima. Hakuna anayekaa.

"Kitanga kabisa," Chiku akasema. "Kama bibi yetu. Nikafurahi hadi machozi yakanitoka. Sikumuuliza kajifunza wapi. Nikamwekea sahani. Alikula bila kugeuka."

"Mtu anakulaje bila kugeuka?"

"Sijui. Sahani iliisha. Na asubuhi, nilipokuwa naondoka, nikamwambia karibu kwetu Johannesburg."

"Akasemaje?"

"Neno lile lile."

Adamu alifoka hadi mate yakaruka. Mjinga wewe! Unachekea kila kiumbe! Akamshika bega amtikise, na ndipo, nywele zilipoteleza pembeni, alipokiona kisogoni kwa dada yake: kipande kidogo cheupe, kimelowa. Akakivuta. Ngozi ikavutika nacho, hakikubanduka, Chiku akapiga ukelele. Na pale mlangoni ulisimama ule mkoba, umejaa, zipu zimefungwa, nguo za Chiku zote ndani, na mswaki na pasipoti.

"Nani kakufungia mizigo?"

"Si mimi." Meno yake yalikuwa yanagongana. "Anasema amekula kwetu vya kutosha. Sasa ni zamu yake kunikaribisha kwake."

Jumamosi mchana Adamu alimleta Bi Fauzia kutoka mtaa wa Mayfair, mama wa Kitanga anayeuza manukato karibu na msikiti na kutoa mashetani bila kubembeleza mtu.

"Shikamoo, Bi Fauzia," Chiku akasema.

"Marahaba. Mwili wote unatetemeka na bado unaamkia vizuri. Ndiyo maana amekupenda." Akawasha ubani, akakaa sakafuni. "Sikilizeni. Huyu hakuvunja mlango, aliitwa. Aliyemwita ndiye amfukuze, na amfukuze bila adabu. Akiaga, msimjibu. Lile neno la kumwita lisitoke tena kinywani mwa mtu humu."

"Mwambie huyo," Adamu akasema. "Mimi adabu sina, kila mtu anajua."

Nje mbingu zikawa nyeusi, zile dhoruba za alasiri za Joburg, na umeme ukakatika jengo zima. Bi Fauzia akaanza kusoma. Chini ya kitanda kitu kikavuta pumzi. Adamu akapiga teke kitanda, akamwaga matusi yote ya Tanga, ya Doornfontein na ya Kizulu aliyoyajua, na yale yaliyobaki akayatunga papo hapo. Chini ya kitanda kitu kikacheka kama bibi anayemcheka mjukuu.

"Nyamaza wewe," Bi Fauzia akasema. "Ulimwita wewe?"

"Hapana."

"Basi hizo ni kelele tu. Chiku! Sema!"

"Samahani, dada," Chiku akaanza, "naomba kama inawezekana..."

"Samahani!" Bi Fauzia akamkatiza. "Unamfukuza au unampakulia?"

Mawe ya mvua yakaanza kupiga vioo, harufu ya jiwe lililolowa ikajaa hadi ubani ukazimika, maji yakatoka chini ya kitanda yakitambaa sakafuni kama yanajua njia, mkoba ukajikokota peke yake kutoka mlangoni, mkanda wake ukapanda bega moja la Chiku na mwingine ukapanda la pili, na Chiku, macho yake meupe, akapiga hatua kuelekea kitandani, akapiga nyingine, akapiga magoti kama mtu anayetaka kuingia uvunguni kulala, huku sauti ile tamu ya kizee ikimwita karibu mwanangu, karibu, kwetu kuna nafasi, naye anajibu kwa sauti ndogo asante, asante, asante.

"Mtazame!" Adamu akapasuka, analia kwa hasira. "Mtazame huyu! Maisha yake yote kuchekea watu! Mtu kambandika karatasi kama mtindi, naye anasema asante!"

Chiku akaganda pale pale magotini.

"Kama nini?" akauliza.

"Kama mtindi! Kama maziwa yangu!"

Akainuka, akageuka, na uso ule Adamu hakuwahi kuuona. Akaivua mikanda ya mkoba, akauinua juu kwa mikono miwili, akaubamiza chini ya kitanda.

"TOKA!" akanguruma. "Toka kwangu, mlafi wewe! Nimekulisha, umenibandika! Mimi si maziwa ya mtu! Sikutaki! Sikukaribishi! Kula mavi yako huko Siena! TOKA!"

Karatasi ikamtoka kisogoni, ikaanguka kavu. Nyayo za maji zikajitokeza sakafuni, moja baada ya nyingine, zikapita katikati yao, zikafika mlangoni. Kitasa kikazunguka. Mvua ya mawe ikanyamaza ghafla, na katika ukimya ule sauti ikasema kwa upole, kama mgeni mwenye malezi:

"Haya, wenyewe. Mimi nakwenda zangu. Kwaherini."

Bi Fauzia akaweka kidole mdomoni. Chiku akajiuma mdomo hadi damu. Miguu ikaanza kushuka ngazi, chapa, chapa, chapa, na Adamu akavuta pumzi, moyo unamdunda kwa ushindi, mtoto wa mama yule yule, aliyechapwa fimbo zile zile kwa kutoaga wageni vizuri.

"Haya," akasema, "karibu tena."

Miguu ikasimama.

Hakuna aliyemtazama mwenzake. Kitu chembamba, cha baridi, kimelowa, kikamgusa Adamu kisogoni na kubana, kama kinapigwa pasi kwa kidole gumba. Na sikioni, karibu kuliko mlango, karibu kuliko ngazi, akaisikia ikijibu:

"Nishakaribia."