Abee ya Chumba cha Saba

Habari hii aliyeisimulia kwanza ni mama mkubwa, dada yake mama yangu, Jumapili moja mchana miaka tisa iliyopita, tulipokuwa tukikunja nguo za marehemu mumewe. Aliisimulia mara moja tu. Jioni ile ile niliiandika, kesho yake nikamsomea. Alisahihisha mahali pawili, akasema mengine ndivyo yalivyokuwa.

Mama mkubwa alifundisha chekechea miaka ishirini na miwili. Baba mkubwa alikuwa fundi wa saa. Hawakujaliwa mtoto. Hadi wanakubaliwa kumlea binti wa miaka minne kutoka nchi ya mbali, walikuwa wamengoja miaka sita, na jina walikuwa nalo tangu mwaka wa kwanza: jina la marehemu bibi yetu, mama yake mama mkubwa. Lilikuwa limekwisha kuchapwa kwenye karatasi zote. Ila walikuwa hawajamwita. Mama mkubwa alitaka kwanza hati zigongwe muhuri, asije akampa jina la mama yake mtoto ambaye bado ni wa watu.

"Mwalimu," mumewe alimtania, "jina unalitunza kama sahani za wageni."

"Ndiyo maana za wageni hazivunjiki," alijibu.

Muhuri ulikuwa ugongwe Jumatatu. Jumamosi hawakuwa na la kufanya, basi mlezi wa kituo cha watoto, aliyejua lugha yetu kidogo, akawapeleka kuutazama mji wa kale, mwendo wa saa moja kwa gari. Mtoto alikaa katikati yao. Hakujua neno hata moja la kwetu. Njia nzima alimshika mama mkubwa kidole gumba.

Mji wenyewe ulikuwa kuta tupu zisizo na paa, chumba kikifungukia chumba. Jua lilikuwa la utosini. Langoni mlinzi mzee alimtazama mtoto, akamwambia mlezi maneno machache.

"Anasema humu ndani watu hawaitani majina," mlezi alifasiri. "Mkipoteana, pigeni makofi."

"Kwa nini?" baba mkubwa aliuliza.

Mlezi aliona haya. "Anasema humu wamezikwa watoto waliokufa kabla ya kupewa majina."

"Haya, leo tutapiga makofi kama tuko harusini," alisema baba mkubwa, wote wakacheka.

Katika chumba cha saba mama mkubwa alikitoa kidole chake katika mkono wa mtoto, akainama kutoa kijiwe kiatuni. Alipoinuka, mtoto hayupo. Makofi aliyasahau. Mwalimu wa chekechea asipomwona mtoto, mdomo huitangulia akili. Aliita kama alivyokuwa akiita mahudhurio kila asubuhi. Aliita jina la mama yake.

"Abee, mama."

Sauti ilitoka chumba cha mbele. Nyembamba. Safi. Alikimbilia huko. Chumba kitupu. Akaita tena.

"Abee, mama."

Sasa ilikuwa nyuma ya ukuta. Alizunguka. Hakuna mtu. Akaita mara ya tatu.

Iliitika papo hapo, usawa wa kiuno chake.

Baba mkubwa alitokea mlangoni, mtoto amelala begani kwake.

"Unamwita nani?" alinong'ona. "Ninaye mimi. Kalala tangu chumba cha pili, hukuniona nikimbeba?"

Mama mkubwa alikitazama kidole gumba chake.

Langoni walipita wote wanne. Mlinzi aliendelea kulishikilia lango, kama anayemngoja wa nyuma. Kisha akafunga.

Jumatatu waliomba jina libadilishwe. Karani hakuinua macho. Mlezi alifasiri kwa sauti ya chini: jina likibadilika, faili linaanza upya, na mtoto anarudi kituoni. Miaka miwili, labda zaidi. Wakijitokeza wengine wanaotaka mtoto kabla yao, ndio watakaopewa.

Mtoto alikuwa mapajani mwa mama mkubwa, kashika kidole.

"Mwalimu, tufanyeje?"

"Hatuna la kufanya."

Wakatia saini.

Nyumbani hawakulitumia jina lile. Walimwita Binti, na sisi sote tukafuata. Baba mkubwa alijisahau mara moja tu, akiita watu waje kula. Binti alikuwa amekaa mbele yake, mdomo umejaa chakula. Paliitika jikoni.

Lakini shule hufuata cheti. Binti akiwa na miaka minane aliugua tetekuwanga, akalala ndani siku tisa za masomo, mama mkubwa akimpaka dawa asubuhi na jioni. Alipomrudisha darasani aliomba radhi kwa utoro. Mwalimu wa darasa alishangaa.

"Utoro upi, mama? Hajakosa hata siku moja."

Alifungua daftari la mahudhurio. Vema tisa, wino wa bluu, siku kwa siku.

"Nilimwita kila asubuhi," alisema. "Akaitika."

"Ulimwona?"

Mwalimu aligeuka kuyatazama madawati. "Sauti yake hutoka nyuma," alisema. Akalifunga daftari.

Nakala ya ukurasa huo ninayo. Nimeibandika katika daftari la ukoo, kando ya mstari wa bibi. Jina la bibi mwenyewe nimeacha wazi. Tumebaki kumtaja kama "mama yao", sisi wajukuu zake.

Baba mkubwa ndiye aliyefariki. Mlezi wa kituo alikuwa akituandikia barua hadi mwaka juzi; habari zake za sasa sina. Mama mkubwa yu hai, ana miaka sabini na moja. Binti yu hai, mzima, ana miaka ishirini na mitatu, na mwezi ujao anaolewa. Tulikwenda kwa msajili wa ndoa, mama mkubwa na mimi, kumwomba amwite Binti tu. Alitusikiliza kwa heshima, akasema haiwezekani: bibi arusi huitwa kwa jina lililo kwenye cheti, mbele ya mashahidi, na atakayeitika ndiye atakayeandikwa.